Ngome za Pwani: Zilihimili mizinga, zaelemewa na mawimbi

MWAKA 2004 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, mkoani Lindi, katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Miaka 10 baadaye, mwaka 2014, magofu hayo yaliondolewa katika orodha hiyo.

Miongoni mwa majengo yaliyoleta hofu hiyo ni Gereza, ngome ya mawe iliyosimama ukingoni mwa bahari, ambayo mgeni huiona kabla hajakanyaga ardhi ya Kilwa Kisiwani. Mawimbi yalikuwa yameula ufuko hadi kuifikia misingi yake, na sehemu ya ukuta unaotazama maji ikawa imekwisha kuanguka.

Yaliyotendeka katika miaka hiyo 10 ni funzo kwa Pwani nzima ya Afrika Mashariki. Kuanzia Lamu hadi Kisiwa cha Msumbiji zipo ngome, kuta za miji, minara na maboma yaliyojengwa na Waswahili, Wareno, Waarabu wa Oman na Wajerumani. Baadhi hutembelewa na watalii kila siku. Nyingine zimefunikwa na vichaka, na mawe yake yanahamishwa moja moja kwenda kujengea nyumba.

Swali ni je, ngome hizi zinatufundisha nini, watafiti wanazisomaje, na kwa nini ni vigumu kuzihifadhi?

Neno lililobeba historia

Historia ya ngome za Pwani imefichika hata katika lugha yetu. Wanaisimu wanaeleza kuwa neno gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ndani ya ngome za Wareno kulikuwa na kanisa, na wenyeji wakaliita jengo zima kwa jina hilo. Baadaye ngome nyingi zilipogeuzwa kuwa mahali pa kufungia wahalifu, neno likabaki na maana tunayoijua leo.

Neno husuni, kwa upande wake, limetoka katika Kiarabu na maana yake ni ngome. Kilwa Kisiwani yapo majengo mawili yenye jina hilo, Husuni Kubwa na Husuni Ndogo. Hata hivyo, uchimbaji uliofanywa na mwanaakiolojia Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulithibitisha kuwa Husuni Kubwa haikuwa ngome, bali kasri la mfalme. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, likiwa na vyumba zaidi ya 100, nyua, na birika la kuogea lenye pande nane.

Husuni Ndogo ni fumbo. Ni ukuta mnene wa mstatili wenye minara pembeni, na kwa mtazamo wa haraka mtu angesema hii ndiyo ngome yenyewe. Lakini ndani yake hakukupatikana mabaki ya kutosha kuthibitisha kuwa askari waliwahi kukaa humo, na wanazuoni wameendelea kutofautiana juu ya kazi yake. Mfano huo unaonyesha kuwa jina pekee halitoshi kueleza jengo lilikuwa la nini.

Nani alijenga nini

Wareno walifika Kilwa kwa nguvu Julai 1505, wakiongozwa na Francisco de Almeida. Waliuvamia mji, wakajenga ngome, lakini hawakudumu. Mwaka 1512 waliiacha. Karibu miaka 300 baadaye, mnamo mwaka 1800, Waarabu wa Oman walijenga ngome yao mahali pale pale, nao wakatumia sehemu ya misingi ya zamani. Hiyo ndiyo Gereza inayoonekana sasa, yenye minara ya duara kwenye pembe zake.

Mombasa, ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza mwaka 1593 kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala pia Ureno. Ramani yake ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Italia. Badala ya minara ya duara, aliweka buruji nne zenye pembe kali, ambazo zilipewa majina ya watakatifu Felipe, Alberto, Mateus na Matias.

Sababu ya pembe hizo ilikuwa mizinga. Mnara wa duara huacha sehemu iliyojificha mbele yake, ambapo adui anaweza kujibanza bila kuonekana na walinzi. Buruji yenye pembe humwezesha mlinzi wa upande mmoja kupiga risasi sambamba na ukuta wa upande wa pili, na hivyo adui hukosa mahali pa kujificha. Ufundi huo ulizaliwa Italia, na Mombasa ni miongoni mwa sehemu za awali ulikofika katika Bahari ya Hindi.

Hata hivyo, ufundi haukuizuia ngome hiyo kutekwa. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa na Wareno na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliwageuka na kuitwaa kutoka ndani. Mwaka 1696 Waarabu wa Oman waliizingira kwa muda wa miezi 33. Maradhi yaliwamaliza Wareno waliokuwa ndani, na kwa muda fulani katika mwaka 1697 ulinzi wake ulibaki mikononi mwa Waswahili waliokuwa upande wao, wakiongozwa na Bwana Daud wa Faza. Ngome ilianguka Desemba 1698.

Tukio hilo linapingana na dhana iliyozoeleka kuwa vita vya ngome hizi vilikuwa vya wageni peke yao. Waswahili walikuwamo pande zote mbili za ukuta, kila mji ukiangalia maslahi yake.

Huko Lamu, ngome iliyoko katikati ya mji ilikamilika mwaka 1821, baada ya vita vya Shela ambamo watu wa Lamu waliwashinda Mazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate. Wakihofia kisasi, waliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na ngome ikawa sehemu ya ulinzi huo. Kwa upande mwingine, wakazi wa Siyu, kisiwani Pate, walimpinga Seyyid Said kwa silaha katika miaka ya 1840 wakiwa chini ya Bwana Mataka. Husimuliwa kuwa ngome ya Siyu ilijengwa na wenyeji wenyewe, jambo linaloipa nafasi ya pekee miongoni mwa ngome za Pwani.

Jinsi ukuta unavyosomwa

Mtafiti wa ngome hutumia mashahidi wa aina tatu: maandishi, ardhi na ukuta wenyewe.

Maandishi yapo mengi kuliko wengi wanavyodhani. Wareno walikuwa hodari wa kuandika taarifa na kuchora ramani. Kitabu cha António Bocarro cha mwaka 1635, kinachoeleza ngome za Wareno katika nchi za Mashariki, kina mchoro wa Mombasa. Juu ya lango la Ngome ya Yesu lipo jiwe lenye maandishi ya Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, yanayosifu matengenezo aliyoyafanya katika miaka ya 1630 baada ya uasi wa Sultani Yusuf. Kwa Kilwa ipo tarikhi iliyoandikwa kwa Kiarabu, na kwa miji mingi yapo masimulizi ya wazee.

Tatizo ni kwamba kila mwandishi alikuwa na upande wake. Kapteni hutaja ushindi na kunyamazia alichoshindwa. Hapo ndipo ardhi inapoitwa kutoa ushahidi. Vigae vya vyungu vya wenyeji, vipande vya sahani kutoka China na Uajemi, shanga na sarafu, kila kimoja kikiwa katika tabaka lake la udongo, humwezesha mwanaakiolojia kukadiria sakafu iliwekwa lini na chumba kiliachwa lini. James Kirkman, aliyechimba ndani ya Ngome ya Yesu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alitumia njia hiyo kutenganisha kazi ya Wareno na ile ya Waarabu wa Oman.

Bahari nayo hutunza ushahidi. Mwaka 1697, wakati wa mzingiro, meli ya kivita ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome hiyo. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wazamiaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wataalamu kutoka Marekani waliyachunguza mabaki yake. Vitu walivyoviibua, kuanzia vyombo vya kulia hadi zana za meli, vinaonyesha maisha ya watu waliotumwa kuwaokoa wenzao wakashindwa.

Shahidi wa tatu ni ukuta. Fundi mzoefu anaweza kuona mahali ambapo ukuta mmoja umeegemezwa kwa mwingine bila mawe yake kusukwa pamoja, na akajua kuwa ule ulioegemea ulijengwa baadaye. Hutazama rangi ya chokaa, ukubwa wa mawe, na matundu yaliyozibwa. Katika Ngome Kongwe ya Zanzibar, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno, mabaki ya kanisa la Wareno yalimezwa ndani ya kuta mpya.

Katika miaka ya karibuni, mitambo ya miale ya leza imerahisisha kazi. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, umepima majengo ya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Lamu, na kutengeneza picha za kompyuta zinazoonyesha kila ufa kwa vipimo vyake. Faida yake ni mbili. Ukuta ukipimwa tena baada ya miaka kadhaa, inajulikana umeinama kiasi gani. Na ukianguka, kinabaki kielelezo cha kuujengea upya.

Maadui wasio na mizinga

Ngome nyingi za Pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa boriti haziwezi kuvuka upana mkubwa. Ujenzi huo unafaa kwa hali ya hewa ya Pwani, kwa sharti moja kwamba utunzwe kila mwaka.

Paa likishatoboka, maji ya mvua huingia ndani ya ukuta na kuiosha chokaa. Mbegu za miti zinazodondoshwa na ndege huota katika nyufa, na mizizi huusukuma ukuta hadi ukapasuka. Upepo wa bahari huleta chumvi ambayo hugandia ndani ya mawe na kuyamung'unya kidogo kidogo.

Adui mwingine huja kwa jina la matengenezo, naye ni saruji. Mawe ya matumbawe na chokaa hupumua, yaani huingiza unyevu na kuutoa. Saruji ni ngumu na haipitishi maji kwa urahisi. Ukuta wa zamani ukipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hufungwa ndani, na mawe huoza nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Siku lipu inapobanduka, hubanduka pamoja na uso wa ukuta. Ndiyo sababu wahifadhi husisitiza kutumia chokaa ya kuchoma, ingawa huhitaji kuni nyingi, muda mrefu wa kuiacha iive, na mafundi ambao idadi yao inapungua.

Kisha ipo bahari. Ngome zilijengwa kando ya maji ili mizinga iwafikie maadui walio melini. Mahali palipokuwa na faida kwa vita ndipo penye hasara kwa uhifadhi. Mikoko ikikatwa, ufuko hukosa kinga. Njia za meli zikichimbwa, mikondo ya maji hubadilika. Na kina cha bahari duniani kinaendelea kupanda kutokana na mabadiliko ya tabianchi.

Kilwa na Mombasa

Kilwa Kisiwani, kazi ya uokoaji ilianza kwa misaada iliyotoka Ufaransa, Japan, Norway na Marekani, pamoja na Mfuko wa Dunia wa Kumbukumbu za Kale, kwa kushirikiana na Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania. Kuta zilizoinama ziliegemezwa, nyufa zikajazwa kwa chokaa, na miti iliyoota juu ya magofu ikaondolewa. Ufukweni yalipangwa makingamaji ya mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya, na wakazi wa kisiwa wakashirikishwa kupanda mikoko. Vijana walifundishwa uashi wa chokaa, ili kazi isisimame pindi wafadhili wanapoondoka.

Uamuzi wa mwaka 2014 wa kuyatoa magofu hayo katika orodha ya hatari haukumaanisha kuwa kazi imekwisha. Nyavu za waya hushika kutu katika maji ya chumvi, mikoko michanga husombwa, na kila msimu wa masika huleta nyufa mpya. Usimamizi wa eneo hilo baadaye ulikabidhiwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), kwa lengo la kukuza utalii.

Mombasa, Ngome ya Yesu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Mwamba wa matumbawe uliobeba ngome hiyo ulikuwa ukiliwa na mawimbi kutoka chini, na mwishoni mwa miaka ya 2010 ulijengwa ukuta wa kuikinga upande wa bahari. Ukuta wa aina hiyo hutoa kinga ya haraka, lakini wataalamu wa fukwe hutahadharisha kuwa mawimbi yanayozuiwa mahali pamoja yanaweza kupeleka nguvu zake mahali pengine. Kwa sababu hiyo, ufuko wa jirani nao hupaswa kupimwa.

Jengo linalotumika halifi

Jambo moja linaloshangaza ni kwamba ufungwa ndio uliookoa ngome kadhaa. Ngome ya Yesu ilitumiwa na Waingereza kama jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa jela hadi mwaka 1984. Kwa kuwa zilikuwa na kazi, paa lilizibwa na kuta zikapakwa chokaa. Gereza la Kilwa, lililokosa mtumiaji, likageuka gofu.

Leo ngome zilizo hai ni zile zilizopewa kazi mpya. Ngome za Mombasa na Lamu ni makumbusho. Ngome Kongwe ya Zanzibar ina ukumbi wa wazi ambao umekuwa ukipokea matamasha ya muziki na filamu. Lakini matumizi bila matengenezo ya kina ni hatari. Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, jirani kabisa na Ngome Kongwe, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo si ngome, ila lilikuwa katika mji ule ule na chini ya chumvi ile ile.

Mstari wa mwaka 1863

Upo pia ugumu wa kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya mwaka 1964 iliweka mpaka wa mwaka 1863. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka huo lilipata kinga moja kwa moja. Lililojengwa baadaye lilihitaji tangazo la waziri.

Kwa Gereza la Kilwa au kuta za Songo Mnara, mstari huo hauna shida. Kwa maboma ya Wajerumani na mabaki ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ni suala jingine. Tanga ilishuhudia mapigano makubwa Novemba 1914, ambamo jeshi la Waingereza lililotoka India lilishindwa na askari wa Kijerumani, wengi wao wakiwa Waafrika. Katika delta ya Rufiji, manowari ya Kijerumani ya Königsberg ilizamishwa Julai 1915. Sehemu kubwa ya mabaki yake ilikatwa na kuondolewa kama chuma chakavu. Mmoja wa mizinga yake unaonekana leo ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, katika nchi jirani, pamoja na ule wa manowari ya Kiingereza ya Pegasus, ambayo Königsberg iliishambulia huko Zanzibar Septemba 1914.

Bagamoyo, Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897 liliporomoka sehemu yake baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya 1990. Wapo wanaouliza kwa nini fedha za umma zitumike kutunza majengo ya wakoloni. Swali hilo ni la haki. Lakini ikumbukwe kuwa mawe yalibebwa na wenyeji, chokaa ilichomwa na wenyeji, na katika maboma hayo ndimo wapinzani wa ukoloni walimofungwa. Kuyabomoa ni kuufuta pia ushahidi wa waliyotendewa.

Kipi kiokolewe kwanza

Fedha za kutunza kila ukuta wa Pwani hazipo, na kuna uwezekano mdogo kuwa zitapatikana. Kwa hiyo uamuzi wa kipi kiokolewe kwanza hauepukiki. Kwa kawaida macho ya wafadhili huelekea kwenye ngome kubwa zenye majina. Ngome ndogo kama ile ya Siyu, na kuta za miji ambazo Waswahili walizijenga kabla Wareno hawajafika, hubaki nyuma.

Kuna hatua zisizohitaji fedha nyingi. Kung'oa mche kabla haujawa mti hakugharimu kitu ukilinganisha na kuujenga upya ukuta uliopasuliwa na mzizi. Kupiga picha kila mwaka, mahali pale pale, huonyesha ufa unavyopanuka. Kuandika masimulizi ya wazee kabla hawajaondoka hakuhitaji mitambo. Na fundi mmoja wa chokaa akifundisha vijana watano, ufundi hauzikwi pamoja naye.

Gereza la Kilwa limeokolewa mara moja, kwa miaka 10 na kwa misaada ya nchi nne. Litahitaji kuokolewa tena, kwa sababu bahari haijaondoka. Safari ijayo itategemea zaidi mafundi walioko kisiwani, mikoko iliyoota, na bajeti itakayotengwa na serikali yenyewe.